Abu Bakr ar-Razi: Tabibu aliyeanza na chakula

Katika nyumba nyingi za Nachingwea na Ruangwa yumo mzee anayeuguzwa kisukari, presha au pumu kwa miaka. Mezani pana vidonge vya hospitali, na kando yake chupa ya mizizi, habasoda na asali. Jamaa huvutana. Wapo watakao vidonge viachwe kwa kuwa havijamponya, na wapo waonao haya kuitaja ile chupa mbele ya daktari. Tumeona vyema leo tuwasimulie maisha ya tabibu wa kale aliyeijua mitishamba kuliko wengi, tena akajua mahali inapokomea.

Abu Bakr Muhammad bin Zakariya ar-Razi alizaliwa mwaka 251 Hijria, sawa na 865 Miladia, katika mji wa Rayy, karibu na Tehran ya leo nchini Iran. Husemwa kuwa aliingia katika utabibu akiwa mtu mzima. Aliongoza hospitali ya kwao Rayy, kisha ya Baghdad. Yasimuliwa kwamba alipotakiwa kuchagua mahali pa kujenga hospitali Baghdad, alitundika vipande vya nyama pande mbalimbali za mji, akachagua pale nyama ilipochelewa kuoza. Baadhi ya waandishi huitaja hospitali hiyo kuwa ni ile ya Adudi, nasi hatukubaliani nao, kwani Adudi ilifunguliwa zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake.

Wanazuoni wengi walimkosoa vikali kwa maneno yanayonasibishwa naye kuhusu dini. Mlango huo hatuufungui. Sisi tunamfuata katika tiba tu.

Katika tiba, mwenendo wake ulikuwa kuanza na chakula. Maradhi yakiweza kutulizwa kwa chakula, hakuona haja ya dawa. Na dawa moja ikitosha, hakutaka mchanganyiko. Aliandika kitabu mahususi kwa mtu asiye na tabibu karibu, akakipanga kuanzia maradhi ya kichwa hadi ya miguu, na dawa zake ni vitu vya kawaida vipatikanavyo jikoni na sokoni. Anayeishi kijiji kilicho mbali na zahanati ataelewa thamani ya kitabu kama hicho.

Lakini hakuiamini dawa kwa sifa zake tu. Zebaki aliijaribu kwanza kwa nyani. Wagonjwa wa homa ya ubongo aliwatoa damu baadhi yao, kama ilivyokuwa desturi ya zama zile, na wengine akawaacha makusudi ili apate kulinganisha.

Kisa kimoja katika kumbukumbu zake twakipenda zaidi. Mtu aitwaye Abdallah bin Sawada alisumbuliwa na homa zisizo na utaratibu, mara kila siku, mara baada ya siku kadhaa. Ar-Razi alisita baina ya homa za vipindi, kama malaria, na kidonda cha figo. Punde mgonjwa akakojoa usaha. Hapo tabibu akaandika kosa lake waziwazi: mgonjwa hakumweleza kuhusu uzito kiunoni, naye hakuuliza. Akampa dawa za kuongeza mkojo mpaka usaha ukaisha, kisha dawa zenye ubani ndani yake, na baada ya miezi kama miwili mtu yule akapona.

Sisi twaona kwamba chupa isiyotajwa kwa daktari ni kama ule uzito wa kiunoni. Yako mitishamba ishushayo sukari. Ikichanganywa na vidonge vya kisukari, sukari yaweza kushuka mno mgonjwa akazimia, na daktari asijue sababu.

Ar-Razi aliandika pia risala kueleza kwa nini watu huwakimbia matabibu hodari wakawaendea wadanganyifu. Aliona kwamba yako maradhi ambayo tabibu hana uwezo nayo, na anayekiri hivyo hukimbiwa, ilhali mwongo huahidi kila kitu. Nchini kwetu mwaka 2011 maelfu walisafiri hadi Samunge, Loliondo, kunywa kikombe kilichosemwa kuponya kisukari na hata ukimwi, na wako walioacha dawa zao. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 iliweka baraza la kuwasajili waganga. Kumwomba mganga hati yake si kumvunjia heshima.

Maandiko ya ar-Razi yalikusanywa na wanafunzi wake baada ya kufa kwake yakawa kitabu kikubwa, al-Hawi, kilichotafsiriwa kwa Kilatini mwaka 1279.

Mwishoni mwa uhai wake mwenyewe alipatwa na maradhi ya macho, akapofuka. Husimuliwa kwamba alijiwa na mtu wa kumpasua, naye akamuuliza jicho lina tabaka ngapi. Yule akashindwa kujibu. Ar-Razi akakataa kupasuliwa, akabaki na giza lake hadi alipofariki mjini Rayy mwaka 313 Hijria, sawa na 925.