Sayyid Majid na bandari iliyokosa wenye mizigo

Mzigo wa Bujumbura, Lubumbashi au Lusaka unaoshushwa Dar es Salaam hupita mlango wa bahari aliouchagua Sayyid Majid bin Said, Sultani wa Zanzibar.

Baba yake, Sayyid Said, alifariki mwaka 1856. Majid alipata Unguja na mwambao, kaka yake Thuwaini akabaki na Oman. Waliogombana, na mwaka 1861 Waingereza wakaamua kila mmoja awe na dola yake, ila Zanzibar iilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Fedha hizo zingetoka wapi kama si forodhani, kwenye pembe za ndovu, sandarusi, karafuu na, tusifiche, watumwa?

Pembe nyingi zilishukia Bagamoyo, mwisho wa njia ya misafara kutoka Tabora. Lakini Bagamoyo ni ufuko wazi wenye maji haba. Maji yakipwa majahazi hukaa mchangani, na meli kubwa hutia nanga mbali. Kusini yake, penye kijiji cha Mzizima, palikuwa na hori lenye kina na mlango mwembamba, lisilosumbuliwa na mawimbi. Katikati ya miaka ya 1860 Majid akaanza kujenga hapo jumba lake na nyumba za mawe. Mwaka 1867 akawaandalia karamu makonseli wa kigeni.

Kwa maji, alichagua vizuri. Tatizo lilikuwa watu. Bagamoyo kulikuwa na maghala, wapagazi na matajiri waliokopesha bidhaa za safari. Nani angemwacha anayemkopesha kwa sababu ya gati zuri? Majid alifariki Oktoba 1870, ujenzi haujaisha. Mdogo wake Barghash, aliyewahi kumwasi, hakuuendeleza mji, na majengo yakaanza kubomoka.

Wajerumani walihamishia makao yao hapo kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakifuata kina kile kile. Hata hivyo kilichovuta mizigo ni reli, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Mombasa ilikwisha kutangulia, kwani reli yake ilifika Kisumu mwaka 1901. Hata bidhaa za Mwanza na Bukoba, chini ya Wajerumani, zilivuka ziwa kwenda Kisumu zikapakiwa melini Mombasa. Mwanza ilisubiri reli ya Dar es Salaam hadi mwaka 1928.