Benson Wanjau: Mwigizaji Aliyemezwa na Jina la Ojwang'

Ukilitaja jina la Benson Wanjau mbele ya kadamnasi ya Wakenya, yamkini wengi watakutazama kama uliyemtaja mgeni. Litaje jina la Mzee Ojwang', na papo hapo nyuso zitakunjuka, na hakosekani mmoja wa kujaribu kuiga sauti yake. Hata hivyo hao si watu wawili. Wa kwanza ndiye aliyezaliwa na kuzikwa. Wa pili ni kivuli alichokiumba yeye mwenyewe kwa ulimi wake, kikarefuka hadi kikamfunika mwenyewe. Sisi tunaojishughulisha na Kiswahili tuna deni la kuyachunguza maisha ya bwana huyu, kwa sababu malighafi yake ilikuwa lugha hii hii tunayoisoma, na kwa sababu wapo miongoni mwetu waliodai, na wanaoendelea kudai, kwamba aliiharibu.

Wanjau alizaliwa mwaka wa 1937 katika jamii ya Wakikuyu. Alikuwa kijana wa miaka 15 hivi serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari mnamo Oktoba 1952, na mtu mzima wa takriban miaka 25 televisheni ilipoanza kurusha matangazo nchini Kenya mwaka wa 1962. Hakukulia mbele ya kioo, basi. Alikikuta kioo akiwa tayari ameshaijua dunia, na huenda hiyo ndiyo sababu uigizaji wake haukuwa na dalili ya mtu anayejipendekeza kwa kamera. Mnamo 1964 shirika la utangazaji lilitwaliwa na serikali na kuitwa Sauti ya Kenya, kabla ya kulirudia jina la KBC mwaka wa 1989. Hadi kituo cha pili cha televisheni kilipozinduliwa mwaka wa 1990, mtazamaji wa Kenya hakuwa na pa kukimbilia: alitazama kilichokuwepo au alizima. Mwigizaji aliyependwa katika zama hizo alipendwa na nchi nzima kwa mpigo, kuanzia wenye umeme mijini hadi waliounganisha runinga ya nyeusi na nyeupe kwa betri ya gari, kama ilivyokuwa ada katika maboma mengi ya Kajiado.

Wanjau hakuwa wa kwanza katika ulingo huo. Kabla yake walikuwepo kina Mzee Pembe, Kipanga na Mzee Tamaa, na vichekesho vya wakati wao vilinukia Kiswahili cha Pwani. Methali, mafumbo na matusi ya adabu vilitiririka bila jasho kwa kuwa wengi wa wasanii hao lugha ilikuwa yao tangu utotoni. Kuanzia miaka ya 1980 sauti ilibadilika. Kiswahili cha bara kiliingia jukwaani na makovu yake yote, na hakuna aliyekibeba kwa ustadi kuliko Wanjau. Alionekana katika Vitimbi, Vioja Mahakamani, Darubini na Kinyonga. Majina haya yenyewe yanatosha kuwa somo: kitimbi ni hila au kisa cha kuudhi, kioja ni jambo la kustaajabisha, darubini huleta karibu kilicho mbali, na kinyonga kila mtu anajua hugeuka rangi. Mwigizaji aliyepita katika vipindi vyote hivyo alilazimika kuwa na zaidi ya mbinu moja. Katika kisa cha nyumbani mzaha hujengwa polepole, kwa kunong'onezana, kwa kuficha pesa, kwa kukohoa mke anapouliza swali. Katika kisa cha mahakamani mhusika amesimama kizimbani, ana kiongozi wa mashtaka mbele yake na hakimu juu yake, na hana silaha ila jibu lake. Wanjau aliyamudu yote mawili.

Ila ni Vitimbi iliyomkamata. Humo ndimo alimokuwa mume wa Mama Kayai, aliyeigizwa na Mary Khavere, na ndoa hiyo ya kubuni ikadumu kwa miongo kadhaa kuliko ndoa nyingi za kweli. Watazamaji wasiohesabika waliamini kwamba wawili hawa walikuwa mume na mke hata baada ya kamera kuzimwa. Mara wako nyumbani, mara mkahawani, mara wamezozana kuhusu pesa ambazo Ojwang' anaapa hazijui. Mzee mwenye kofia na miwani, mjanja asiyefaulu katika ujanja wake, mbishi anayeshindwa na mkewe kila wiki na kurudi wiki ifuatayo na hila mpya. Mhusika wa aina hii si mgeni katika fasihi yetu. Ni sungura aliyezeeka na kuhamia mjini, isipokuwa huyu hutegwa na mitego yake mwenyewe, jambo linalomkaribisha zaidi na fisi.

Tufike sasa penye kiini. Mwanamume wa Kikuyu aliigiza Mjaluo, na mkewe wa jukwaani, Mluhya kwa asili, akaigiza Mjaluo vilevile. Wanaisimu wenzangu wataelewa uzito wa kazi hii wakikumbuka fonolojia ya lugha zinazohusika. Dholuo haina sauti sh, z wala v. Mzungumzaji wa Dholuo anayejifunza Kiswahili aghalabu huikimbilia s badala ya sh na z, na f badala ya v. Shamba huwa samba, zawadi huwa sawadi, viazi huwa fiasi. Hapo mtu angedhani ni suala la kubadilisha konsonanti tatu basi, lakini tazama kinachotokea kwenye maana. Anayeshuka anageuka kuwa anayesuka. Anayevua nguo anageuka kuwa anayefua nguo. Vaa inakuwa faa. Lafudhi hii ina hazina ya utata iliyojificha ndani yake, na mchekeshaji anayeijua hahitaji kutafuta mzaha; mzaha umekaa kwenye msamiati ukimngoja.

Upande wa pili wa kazi hiyo hausemwi sana, nao kwangu ndio mgumu zaidi. Gikuyu haina l, na kuchanganya l na r ndiyo alama inayomtambulisha Mkikuyu wengi anapozungumza Kiswahili. Dholuo inazo zote mbili na wasemaji wake hawazichanganyi. Kwa hiyo Wanjau hakuhitaji tu kuvaa kosa la wengine. Alihitaji kwanza kulivua kosa ambalo lugha yake ya kwanza ingemwekea ulimini, kisha asiteleze, tena katika mazungumzo ya haraka, tena kwa miaka mingi. Angeteleza mara mbili tatu, Ojwang' angekufa mbele ya watazamaji. Hakufa. Si ajabu kwamba hata wazungumzaji wa Dholuo walimchukua kuwa mwenzao. Mwanafunzi wa fonetiki anayesumbuka kutamka sauti moja ngeni katika maabara ya lugha na apime mwenyewe.

Tuyarudie malalamiko. Mwaka wa 1985 mfumo wa 8-4-4 ulianza, na Kiswahili kikawa somo la lazima linalotahiniwa katika shule za msingi na za upili. Walimu wa bara walijikuta wakifundisha upatanisho wa kisarufi na matamshi sanifu mchana, na jioni wanafunzi wao wakiketi mbele ya Ojwang'. Kesho yake darasa lilijaa samba na sule. Kilio cha walimu hao kinaeleweka, na sitakidharau. Anayesahihisha insha 45 kwa usiku mmoja ana haki ya kulaumu mtu. Hata hivyo lawama hiyo ina pengo. Mtoto hucheka samba kwa sababu anajua ni shamba. Asiyejua umbo sahihi hana cha kuchekea. Vicheko vile vilikuwa ushahidi kwamba usanifu ulikuwa umeingia vichwani, na Ojwang' alikuwa akiutahini bila karatasi. Isitoshe, mamilioni ya Wakenya ambao hawakuwahi kukaa darasa la Kiswahili walikuwa wakisikia lugha hiyo kila wiki katika mambo yanayowahusu: kodi ya nyumba, wageni wasioalikwa, deni la duka. Hakuna kamusi iliyofanya kazi hiyo.

Lipo swali jingine zito kuliko la sarufi. Je, kuiga lafudhi ya kabila la mwingine si dhihaka? Nchi hii ina historia chungu baina ya jamii mbili zilizokutana katika mwili wa Wanjau. Mauaji ya Tom Mboya mnamo Julai 1969, na risasi za Kisumu mnamo Oktoba mwaka huo huo, ziliacha jeraha ambalo siasa za miaka iliyofuata hazikuliponya, na machafuko ya baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 yalilifungua tena. Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 ilitungwa kutokana na maafa hayo. Katika kipindi chote hicho Mkikuyu mmoja alikuwa akiingia sebuleni mwa watu kama Mjaluo, na kupendwa pande zote mbili. Nionavyo mimi, siri ni kwamba lafudhi haikuwa kosa la Ojwang'. Hakuwa mjinga kwa kuwa alitamka s. Alianguka kwa sababu ya tamaa, uvivu na kiburi cha mume, mambo yasiyo na kabila. Wachekeshaji wengi waliomfuata waliiga lafudhi wakasahau kujenga mtu. Marehemu Charles Bukeko, aliyefariki Julai 2020, hakusahau: Papa Shirandula wake ana ukoo wa moja kwa moja na Ojwang', ingawa yeye aliigiza lafudhi ya jamii yake mwenyewe.

Sisi tunaoishi Kitengela hatuhitaji runinga kulielewa jambo hili. Mji huu ulipanuka kwa watu waliofuata viwanda vya saruji na vya nguo upande wa Athi River, na kwenye matatu moja ya kwenda Nairobi utasikia Kiswahili cha Mmaasai, cha Mkamba, cha Mkisii, cha Mkikuyu na cha Mjaluo kabla hujafika Mlolongo. Kila mmoja anacheka matamshi ya jirani yake na hasikii yake mwenyewe. Wanjau alikuwa na sikio lililosikia yote mawili.

Kwa watafiti, kazi yake imeacha tatizo. Michezo ya aina hii kwa kawaida ilitegemea muhtasari wa kisa zaidi ya matini iliyoandikwa neno kwa neno. Waigizaji walikubaliana mwanzo na mwisho, kisha mazungumzo yakazaliwa papo hapo. Kwa hiyo hakuna kitabu cha kufungua. Tumeandika tasnifu juu ya tamthilia zilizosomwa na wachache tukaacha zile zilizotazamwa na wote, kwa sababu tu hizi hazina kurasa. Ni mapuuza yaleyale yaliyowahi kuikumba fasihi simulizi kwa jumla.

Msanii naye alipata nini? Waigizaji wa zama hizo waliajiriwa kwa kipindi, wakalipwa kwa kipindi. Kurekodiwa kulipokwisha, malipo yalikwisha. Marudio ya kipindi yalimnufaisha mtazamaji, hayakumfikia aliyechekesha. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 ilitambua haki za waigizaji, lakini wakati huo Wanjau alikuwa anakaribia miaka 65 na kazi yake kubwa ilikuwa imeshafanyika. Umaarufu wake haukuwahi kugeuka kuwa mali.

Uzeeni macho yakamwia vibaya, mzee yule ambaye miwani ilikuwa sehemu ya sura yake ya jukwaani. Uoni ulipodhoofika akaachana na kamera, na habari za hali yake zilipotangazwa, wananchi wakamchangia fedha za matibabu. Waliochanga walikuwa wale wale waliokuwa watoto mbele ya runinga za miaka ya 1980. Wengi wao hawakuwa wamewahi kumwona ana kwa ana.

Alifariki jijini Nairobi Jumapili tarehe 12 Julai 2015, akiwa na umri wa miaka 78, miezi michache tu baada ya mitambo ya analogia iliyombeba kuzimwa nchini. Taarifa za habari zilitangulia kusema kwamba Mzee Ojwang' ameaga dunia, ndipo zikaongeza kuwa jina lake halisi lilikuwa Benson Wanjau, na kwa watazamaji wengi hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kulisikia. Wanahabari walimwendea Mary Khavere kutafuta maneno ya maombolezo, ilhali mjane halisi alikuwa na familia yake wakipanga mazishi. Wanjau alizikwa katika makaburi ya Lang'ata.