JOHN HUSTON, MTU WA SINEMA ALIYEKATAA KUSIFU VITA



Katika buletini yetu tumezoea kusoma maisha ya wachungaji na wamisionere. Mara hii nawaletea maisha ya mtu wa sinema. Najua wengine watauliza: mtu wa sinema anatufaa nini sisi watu wa masomo ya Kiprotestanti? Someni kwanza, kisha mtahukumu.

John Huston alizaliwa tarehe 5 Agosti 1906 katika mji mdogo unaoitwa Nevada, jimbo la Missouri, kule Marekani. Baba yake, Walter Huston, alikuwa mchezaji wa teatre, na mama yake alikuwa mwandishi wa gazeti. Wazazi waliachana yeye akiwa angali mtoto. Tena madaktari walisema moyo wake na figo zake ni vibovu, wakamlaza kitandani siku nyingi. Akapona. Akawa mpiga ngumi, kisha mchoraji, kisha mwandishi. Sitaficha neno: hakuwa mtakatifu hata kidogo. Alioa mara tano, alipenda pombe na kamari, na mwaka 1933 gari yake iligonga mwanamke mmoja, akafa. Tribinali haikumhukumu, lakini alihama akaenda London, na kule njaa ilimpiga sana.

Filme yake ya kwanza kama mkubwa wa kazi ilitoka mwaka 1941, nayo ilimpa jina. Mwaka 1942 aliingia jeshini. Hawakumpa bunduki peke yake, walimpa kamera, sababu serikali ilitaka filme za kutia watu moyo.

Hapo ndipo mambo yake yanaanza kutuhusu. Mwishoni mwa 1943 alitumwa Italia, fasi inayoitwa San Pietro, kijiji cha mlimani kati ya Napoli na Roma. Vita ilikuwa kali, askari wengi walikufa kwa ajili ya kilima kimoja tu. Katika filme yake tunaona maiti za Waamerika zikifungwa katika mifuko. Wakubwa wa jeshi walipoiona walikasirika, wakasema filme hii inapinga vita. Huston hakukana. Aliwajibu wazi kama hana nia ya kutengeneza filme ya kusifu vita hata siku moja. Wangeitupa, lakini Jenerali Marshall mwenyewe aliitazama, akaona inafaa kuonyeshwa kwa askari wanaofundishwa, wapate kujua mbele ya kwenda kitu gani kinawangojea. Ikakatwa, ikafupishwa, ikatoka mwaka 1945. Wachunguzi wamehakikisha kama picha nyingi za mapigano zilichezwa tena nyuma ya vita yenyewe. Ni kweli, na inafaa tujue. Lakini kile kijiji kilichobomoka hakikuwa mchezo.

Filme ninayoipenda zaidi ni ile iliyofuata. Jina lake limetoka katika Mwanzo 1:3, pale Mungu anapoamuru nuru iwe. Mwaka 1945 Huston aliingia na kamera katika hopitali ya jeshi, Mason General, karibu ya New York. Ndani yake mlikuwa askari wasio na kidonda cha kuonekana. Mmoja hawezi kutembea, na miguu yake ni mizima. Mwingine ulimi umefungwa, anagugumia. Mwingine amesahau hata jina lake. Askari mmoja mweusi anaanza kueleza habari za mchumba wake, mara machozi yanamshinda. Na angalieni neno hili: wakati ule jeshi la Marekani lilitenga weusi na weupe, lakini katika filme hii wanakaa pamoja, wanazungumza na daktari mmoja. Sauti inayoeleza mambo ni ya baba yake Huston. Inasema karibu 20 kwa 100 ya askari walioumia katika vita ile waliumia akilini.

Wengine wanasema filme inaonyesha uponyaji wa haraka kupita kiasi, kama muujiza. Mimi pia naona hivyo. Daktari anatia sindano, kisha mtu anasimama anatembea! Lakini kwa siku zile, kuonyesha tu kama askari shujaa anaweza kulia bila kuwa mwoga, hilo lilikuwa jambo kubwa. Kubwa hivi hata jeshi liliificha. Mwaka 1946 ilipotaka kuonyeshwa katika jumba moja la makumbusho kule New York, polisi wa jeshi walikuja wakaichukua. Walisema wanalinda siri za wagonjwa. Huston aliamini kama wanalinda ile hadithi ya askari asiyeogopa kitu. Filme ililala gizani karibu miaka 35, hata mwisho wa 1980, ndipo ikafunguliwa.

Ninyi mnaokaa Cimpunda, niambieni: lopango gani haimjui mtu kama wale? Tumepita vita ya 1996, ya 1998, ya 2004, ya 2025. Iko mzee anayeruka kitandani kila mlango ukipigwa. Iko kijana aliyerudi kutoka porini, hasemi na mtu. Sisi tunasema amerogwa, ao anavuta bangi, na watoto wanamfuata njiani wakimcheka. Hata wanafunzi wenye kuvaa uniforme wanacheka, nimewaona. Hopitali ya Panzi, ya Waprotestanti wenzetu, tangu 1999 inatunza watu walioharibiwa na vita, mwili pamoja na moyo. Ni mawazo yale yale ya filme ya Huston.

Sasa habari ya kupita kwake hapa kwetu. Mwaka 1951 alikuja Congo ya Wabelgiji kutengeneza The African Queen, kwenye mto Ruiki, upande wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, kisha Uganda. Hadithi yenyewe ni ya vita ya 1914: mwanamke mmoja wa misioni ya Kiprotestanti na fundi wa mashua wanataka kuzamisha meli ya Wajeremani. Inafanana na habari za kweli za ziwa Tanganyika, za ile meli Graf von Götzen iliyozamishwa na Wajeremani wenyewe mwaka 1916 karibu ya Kigoma, ikaopolewa, ikaitwa Liemba. Wachezaji waliugua tumbo sana. Huston na Humphrey Bogart walinusurika, na watu wanasema ni juu walikunywa wiski tu! Mimi filme hii inanipendeza nusu. Kijiji cha Waafrika kinachomwa mwanzoni, watu wanakokotwa, kisha hatusikii tena habari zao. Wabebaji waliokufa kwa maelfu katika vita ile, na askari wa Force Publique waliofika Tabora mwaka 1916, hawamo.

Na alipokuwa huku porini, kule Hollywood wakubwa wa studio walichukua filme yake nyingine juu ya vita, The Red Badge of Courage, wakaikata mpaka zikabaki dakika 69.

Mengine napita mbio. Alikuwa raia wa Ireland mwaka 1964. Mwaka 1966 alitoa filme ya kitabu cha Mwanzo, yeye mwenyewe akacheza Nuhu. Filme yake ya mwisho aliiongoza akiwa katika kiti cha magurudumu, anapumua kwa mpira, sababu tumbaku ilikuwa imemaliza mapafu yake. Alikufa tarehe 28 Agosti 1987, mwenye miaka 81.

Ile filme ya hopitali inachukua saa moja hivi, na siku hizi inapatikana bure. Iko kwa Kiingereza. Tumemwomba mwalimu wa Kiingereza atusaidie kuifasiri siku ya jumamosi moja, umeme ukiwepo.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6