Marehemu Bibi Katharine Cook, Mwalimu wa Wakunga

Katika kurasa hizi tunapenda kuwakumbusha wanachama habari za Bibi Katharine Cook, ambaye kabla ya kuolewa aliitwa Katharine Timpson. Kazi yake ilikuwa Buganda, lakini njia ya kuifikia ilipita katika nchi yetu.

Alikuwa mwuguzi aliyefundishwa katika hospitali ya Guy's, London. Mwisho wa mwaka 1896 alishuka Mombasa pamoja na wamisionari wa C.M.S., na kwa kuwa reli ndiyo kwanza ilikuwa ikianza kujengwa, walisafiri bara kwa msafara wa miguu hata wakafika Mengo Februari 1897. Mwaka ule ule hospitali ilianzishwa kilimani Namirembe. Mwaka 1900 aliolewa na Daktari Albert Cook. Mwaka 1902 radi iliiteketeza hospitali, ikajengwa tena kwa matofali.

Jambo kubwa ni ukunga. Kuzalisha kulikuwa kazi ya wanawake watu wazima, waliokwisha kuzaa wenyewe. Bibi Cook alitaka wasichana waliosoma. Mzazi aliombwa amtoe binti asiyeolewa, akalale bwenini, kisha apelekwe kijiji cha mbali kuwahudumia wanawake waliomzidi umri. Wazee waliosita hatuwacheki hata kidogo, nasi tungesita. Lakini watoto wachanga walikuwa wakifa kwa wingi, na mama zao pia, wala kusita hakukuwaponya.

Shule ilianza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1921 ilikuwa imekwisha pewa jina la Lady Coryndon, mke wa Gavana wa Uganda. (Gavana huyo ndiye aliyehamia kwetu mwaka 1922, na makumbusho ya Nairobi yaliitwa kwa jina lake kabla ya Uhuru.) Bibi Cook na mumewe walitunga kitabu cha ukunga kwa Kiluganda, na kwa maoni yetu hilo lilikuwa na thamani kuliko jengo lenyewe, maana elimu haikubaki kwa wajuao Kiingereza peke yao.

Waliofaulu mtihani waliwekwa katika vituo vya uzazi huko mashambani, mbali na daktari, ambako mkunga aliamua mwenyewe usiku wa manane la kufanya. Bibi Cook alikuwa akivizungukia vituo hivyo na kuvikagua.

Mwaka 1932 mumewe alipewa cheo cha Sir, naye akaitwa Lady Cook. Alifariki mwaka 1938, na vituo vikaendelea mikononi mwa wakunga Waafrika.