Mittelholzer: Mwamba wa Uswisi aliyeitazama Kilimanjaro kutoka juu

TIMU ya pwani ikipanda Sumbawanga, kipindi cha pili utaona watu wameshika viuno. Mji uko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi na mapafu yanalalamika. Simba na Namungo walicheza fainali ya Kombe la Shirikisho kwenye hewa hiyo Agosti 2, 2020, Uwanja wa Nelson Mandela, Simba wakabeba kwa 2-1. Kijana wa Pito yeye ameshazoea, anakimbia tu.

Ndege haizoei. Ndege ndogo ikiwa juu milimani inapungukiwa mara tatu: bawa linabeba kidogo, pangaboi linavuta kidogo, injini nayo inakosa pumzi. Jua likiwa kali ndiyo balaa zaidi.

Huo ndio mchezo alioucheza Walter Mittelholzer. Jamaa alizaliwa Aprili 2, 1894, St. Gallen, Uswisi. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupiga picha. Alipojifunza urubani akaunganisha vyote viwili, akawa anapita juu ya milima ya Alps na kamera yake. Mwaka 1919 yeye na Alfred Comte walianzisha kampuni ya ndege.

Milima ndiyo iliyokuwa shule yake, na shule hiyo haina mechi ya kirafiki. Upepo ukivuka mgongo wa mlima, upande wa pili unashuka kama maji ya maporomoko na kuibeba ndege kuelekea chini. Ndiyo maana rubani wa milimani hauendei mgongo uso kwa uso. Anauendea kwa ubavu, ili mambo yakigoma ageuze mapema. Ukingo wa Ufipa unaoshuka kuelekea Ziwa Rukwa unadai nidhamu hiyo hiyo.

Desemba 7, 1926, Mittelholzer na wenzake watatu waliondoka Zurich na ndege ya kutua majini, aina ya Dornier Merkur. Walifuata Mto Nile, wakaja maziwa yetu: Viktoria, Tanganyika, Nyasa. Akili ilikuwa rahisi: pasipo na viwanja, ziwa ndilo kiwanja. Tabu ilikuwa katikati. Kati ya Tanganyika na Nyasa kuna nyanda za juu, majirani wa Ufipa hii hii, na ndege yao haikuwa na magurudumu. Injini ikizima hapo, huna pa kutua. Walipita. Februari 21, 1927 walifika Cape Town, siku ya 77 ya safari.

Akarudi tena na Fokker ya injini tatu, akimleta tajiri Louis von Rothschild kwenye safari ya uwindaji. Januari 1930 akaipandisha ndege hiyo juu ya Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, akawa wa kwanza kuuvuka kwa ndege. Hapo juu hewa ni karibu nusu tu ya ile ya pwani. Wewe unayehema Sumbawanga, piga hesabu.

Mwaka 1931 ilipozaliwa Swissair, alipewa ukurugenzi wa ufundi. Mwaka 1934 alipeleka ndege Abyssinia kwa Mfalme Haile Selassie.

Mtu wa namna hiyo ungedhani angeondoka na ndege. Wapi! Mei 9, 1937, akiwa na miaka 43, alifia mlimani Styria, Austria, akipanda kwa miguu. Alps, Nile na Kilimanjaro vilimwacha akapita, mwamba mmoja wa mapumziko ukammaliza.

Wanaojifunza kurusha ndege ndogo kwenye nyanda zetu wana la kubeba hapo: ondoka asubuhi hewa ikiwa baridi, punguza mzigo, acha nafasi ya kugeuka. Na mlima usiudharau hata siku moja, iwe unao mabawa au viatu tu.