Muindi Mbingu, Mtetezi wa Mifugo ya Wakamba

Katikati ya jiji la Nairobi mna barabara iitwayo Muindi Mbingu. Aliyepewa heshima hiyo alipata umaarufu mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipodai kuwa mifugo ya Machakos ilikuwa imezidi kiasi na kusababisha mmomonyoko wa udongo. Ng'ombe walitwaliwa kwa nguvu na kunadiwa kwa bei duni, huku kiwanda kipya cha nyama pale Athi River kikihitaji mifugo ya kuchinja. Kwa Mkamba, ng'ombe alikuwa akiba, mahari na heshima. Kupitia chama cha Ukamba Members Association, Muindi aliwahamasisha wenzake kupinga. Mwezi wa Julai, maelfu ya watu, wake kwa waume na watoto, walitembea hadi Nairobi kutaka kuonana na Gavana, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Muindi alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, mbali na kwao. Hata hivyo, kabla ya mwaka huo kwisha, uuzaji wa lazima ulisitishwa. Kiongozi alipoteza uhuru wake. Wafuasi wakabaki na mifugo yao.