Siti binti Saad: Mfinyanzi wa Fumba aliyeimba ya chumbani

Aliyekulia Kakamega hahitaji kuelezwa kwamba wimbo una ruhusa ambayo mazungumzo hayana. Msimu wa jando unapowadia Magharibi mwa Kenya, maneno ambayo hakuna angethubutu kuyatamka mbele ya mama mkwe huimbwa barabarani mchana kutwa, na msimu ukiisha huwekwa tena kapuni. Katika pwani ya Waswahili, mwanamke aliyeitumia ruhusa hiyo kwa upana usio na kifani alikuwa marehemu Siti binti Saad.

Alizaliwa Fumba, kisiwani Unguja, karibu mwaka wa 1880, na wazazi waliokuwa wa asili ya utumwa. Jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Mamake alikuwa mfinyanzi, naye binti akairithi kazi hiyo. Alibeba vyungu akivinadi kwa kuimba, na sauti yake ikawafikia wanunuzi kabla ya mzigo wenyewe. Ndoa yake ilivunjika akiwa angali kijana, na mnamo mwaka wa 1911 aliuacha ufinyanzi na kuhamia mjini.

Huko alipata mwalimu, mwanamuziki Ali Muhsin, kisha akaungana na wapigaji hodari wakiwemo Subeit Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Effandi Talsam. Jina la Mtumwa likasahaulika. Akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima.

Taarab ilikuwa imeingia Unguja kupitia jumba la Sultan Barghash, aliyetawala kuanzia mwaka wa 1870 hadi 1888, nayo iliimbwa kwa Kiarabu mbele ya wakubwa. Siti aliijua hiyo ya Kiarabu na aliimba katika majumba ya mabwana. Lakini usiku alirejea Ng'ambo, mtaa wa mahamali, vibarua na waliokuwa watumwa, na huko aliimba kwa Kiswahili.

Nyimbo za Ng'ambo hazikuwa za watoto. Zilihusu mapenzi na tamaa, mume asiyelala kwake na jirani aliyejua kwa nini. Haya yote yalivishwa mafumbo, kwani katika taarab tunda si tunda tu, na chombo kinachotia nanga si lazima kiwe cha baharini. Msikilizaji aliyeelewa alicheka. Asiyeelewa aliusifu ufasaha wa lugha. Uhodari wenyewe ulikuwa hapo, kwa kuwa matusi ya wazi hayahitaji mtunzi.

Wazungu nao walipita njia hiyo. Mnamo mwaka wa 1528, jijini Paris, Pierre Attaingnant alianza kuchapisha nyimbo za sauti kadhaa, nyingine za ibada na nyingine za ashiki isiyofichika sana. Miongoni mwa watunzi wa hizo za pili alikuwa Clément Janequin, ambaye alikuwa padri! Uchapishaji ule uliziingiza nyimbo za mitaani katika nyumba za waungwana.

Kwa Siti, kazi hiyo ilifanywa na santuri. Mwaka wa 1928, miaka 400 baadaye, kampuni ya HMV ilimpeleka Bombay, India, pamoja na wenzake kurekodi. Sahani hizo ziliuzwa kwa maelfu katika Afrika Mashariki, na kwa mara ya kwanza mwimbaji wa Kiswahili akajulikana na watu ambao hawakuwahi kumwona.

Hata hivyo, wimbo wake unaostahili kukumbukwa zaidi hauchekeshi hata kidogo. Mwanamke mmoja kutoka Dar es Salaam alizuru Unguja, akatoka matembezi ya usiku na wenyeji wake, akauawa na mwanamume aliyeitwa Kijiti. Muuaji alitorokea bara. Waliofungwa ni wanawake wawili waliokuwa mashahidi, kwa kosa la kuhusika na pombe iliyonywewa usiku ule. Siti aliufanya mkasa huo wimbo, akamtaja muuaji kwa jina. Mahakama ilishindwa kumfikia Kijiti, lakini santuri ilimfikia kila mahali ilikochezwa.

Ujasiri huo ulikuwa na gharama. Mahasimu walimtungia nyimbo za kejeli, wakamkumbusha shamba alikotoka na kaniki alizovaa, nguo iliyohusishwa na utumwa, na kudai kwamba bila sauti yake asingekuwa chochote. Sura yake pia ilitiwa ila. Yeye aliendelea kuimba.

Siti alifariki dunia tarehe 8 Julai 1950. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, kitabu kinachomwonyesha kama mfano wa subira, uchaji na adabu. Sina shaka kwamba sifa hizo alikuwa nazo. Lakini mwandishi huyo, aliyependa maadili kupita kiasi pengine, alimsafisha kuliko alivyohitaji kusafishwa. Kicheko cha Ng'ambo usiku wa manane hakisikiki vyema katika kurasa zile. Kilisikika kwa Bi Kidude, aliyejifunza nyimbo za Siti na kuziimba hadi uzeeni, kabla ya kuaga dunia mwaka wa 2013. Nao wanahabari wanawake wa Tanzania, walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.